Kabla C yako haijaingia kwenye simu, ikate ulimi

Juzi dada mmoja anayesoma Kakamega aliniandikia: "Kaka, nina programu ya C ya kupanga ratiba ya mitihani. Kwenye terminali inaenda vizuri sana. Nataka iwe apu, yenye vitufe, watu waibonyeze. Nimeambiwa niitupe, niandike yote upya kwa Kotlin. Ni kweli?" (C ni lugha ya zamani ya kuandikia programu, Kotlin ni ya kuandikia apu za Android, na terminali ni ile skrini ya maandishi matupu.)

Nilikuwa ndani ya matatu ya Kondele, hapa Kisumu, mvua ya saa kumi inapiga bati la gari, na hilo neno "nimeambiwa" likanikaa kooni mpaka nikashuka. Mimi pia niliambiwa. Nikaamini, nusura nifute faili nzima. Basi dada, na wewe mwingine mwenye kitu chako cha C kimelala kwenye laptopu ukitamani kukiona kwenye simu za watu (najua mpo, hamwishi kuniandikia), jibu ni hapana. Usiitupe. Ila ikate ulimi kwanza.

Yangu ni drafti. Unajua wale wazee na mafundi wanaoinamia ubao chini ya mti, vizibo vya soda vya huyu vimelala chali na vya yule kifudifudi? Nimekulia hapo. Nikiwa chuoni niliandika injini ya kucheza drafti kwa C, mistari kama 1,400, faili moja, bila maoni hata moja. Ilikuwa inanifunga mimi mwenyewe. Ilikuwa inawafunga wenzangu wa hosteli mpaka mmoja akazima laptopu yangu kwa hasira. Nilijiona nimefika.

Kuipeleka kwenye simu nilidhani ni kazi ya wikendi. Android ina NDK, seti ya zana za kujengea C na C++, na imekuwepo tangu 2009. Nikaisakinisha kwa bando la usiku, nikabadilisha jina la main(), mahali programu ya C inapoanzia, likawa anza(), nikaweka kitufe kimoja kikubwa cha kijani, nikakifunga kwa anza(). Nikabonyeza. Skrini ikaganda kama sanamu.

Sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo wengi wanapozikwa. Programu yangu ilikuwa mzunguko mmoja usio na mwisho: chapa ubao kwa printf, uliza hatua kwa scanf, fikiria, rudia. Kwenye simu hakuna kibodi inayongojwa na scanf, na hakuna dirisha la printf. Kwa hiyo scanf ilikuwa inarudi mikono mitupu maelfu ya mara kwa sekunde, na printf inachapa ubao mzuri kabisa mahali pasipo na jicho la mtu. Injini haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inaongea peke yake gizani.

Kwenye terminali programu yako ndiyo bosi: inauliza inapotaka, mtu anangoja. Kwenye simu mtu ndiye bosi. Anagusa anapotaka, anageuza simu, anapigiwa simu katikati ya mchezo, anarudi baada ya saa mbili. C yako inatakiwa ikae kimya, iitwe, ijibu, inyamaze tena. Ndiyo maana nasema ikate ulimi: kila printf, kila scanf, kila exit() itoke kwenye injini. Hiyo exit() usiichezee hata kidogo, ikiitwa inazima apu nzima, na mtumiaji anaona imetoweka tu mkononi.

Mimi nilibakiwa na milango minne ya kuiita injini. Kuanzisha ubao, kupokea hatua ya mtu, kufikiria, kusema hali ya ubao ilivyo. Basi. Na kazi hiyo niliifanya kwenye laptopu, kwa gcc ileile (kompaila yangu, inayogeuza C kuwa programu ya kuendeshwa), bila kugusa Android. Ilinichukua siku kumi na moja. Sitakusimulia zote, nyingi zilikuwa za kufuta na kukuna kichwa. Ila ukimaliza hapo umemaliza sehemu kubwa ya safari, hata kama bado huna kitufe hata kimoja.

Kuunganisha kwenyewe ni JNI, daraja la Kotlin kuiita C. Upande wa Kotlin unatangaza jina, upande wa C unaandika jina lilelile kwa urefu wa treni ya Kisumu: Java_ke_drafti_Ubao_fikiria. Ukikosea herufi moja programu inajengwa vizuri, inafunguka vizuri, halafu inaanguka pale tu unapoiita. Kuwa makini na majina. Nitarudia: majina.

Sasa nikuonyeshe kitu kilichoninyima usingizi. Orodha zangu za hatua nilizihifadhi kama char, nambari ndogo ya baiti moja, na mwisho wa orodha naweka -1. Mzunguko unasoma mpaka uikute ile -1. Kwenye laptopu sawa. Kwenye emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya laptopu, sawa. Kwenye simu yangu, chali. Siku nne, ndugu yangu. Nikaandika upya nusu ya injini bila sababu, nikailaumu NDK, nikamlaumu aliyeniuzia simu. Kumbe C haisemi kama char ina alama ya hasi au haina, inamwachia anayetengeneza kompaila. Laptopu yangu ya Intel inaipa alama, na emuleta yangu ilikuwa inaiga Intel hiyohiyo. Simu ni ARM, aina nyingine ya prosesa, na huko char haina hasi. Ile -1 yangu ilikuwa imegeuka 255, mzunguko haukuukuta mwisho, ukaendelea kusoma kumbukumbu isiyo yake mpaka mfumo ukaupiga risasi. Dawa yake ni neno moja, signed. Tangu siku hiyo naandika int8_t, ambayo ina hasi kila mahali, nikitaka nambari ndogo, na sijaribu kitu kwenye emuleta peke yake.

Nilipotibu hilo nikajaa kiburi. Ofisi moja hapa mjini, siitaji, walikuwa wanatafuta vijana wenye apu za michezo. Nikapanda ghorofani na shati la kupiga pasi. Yule bwana akachagua kiwango cha juu kabisa, akasogeza kete moja, akangoja. Injini ikaanza kufikiria, na mimi nilikuwa nimeiacha ifikirie kwenye uzi mkuu, uleule unaochora skrini. Akagusa tena, kimya. Baada ya sekunde tano za kugusa bila jibu Android haina subira, inamwambia mtu programu haijibu na kumpa nafasi ya kuifunga. Akaifunga. Akaniambia akicheka, "C ni ya babu zetu, kijana. Rudi ukajifunze vitu vya leo." Wenzake nao wakacheka.

Bado inaniuma, siwezi kudanganya. Nilitembea kutoka pale mpaka Kibuye bila kuona njia. Na kinachoniuma si kicheko, ni kwamba sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo. Kiini cha Linux kilicho chini ya simu aliyoishika kimeandikwa kwa C. SQLite, ghala la data lililo ndani ya kila simu ya Android, ni C. Lugha ya babu ndiyo iliyombeba mpaka akapata mahali pa kunichekea. Kosa lilikuwa langu, la kuweka kazi nzito kwenye uzi mkuu, na angenicheka vilevile ningefanya kwa Kotlin. Kwa hiyo wewe unayesoma, usikubali mtu akulaumie lugha wakati tatizo ni mpangilio. Na wewe mwenyewe usiilaumu. Sisi vijana tuna ugonjwa wa kubadilisha zana kila mambo yanapokuwa magumu. Kaa na kitu chako. Kisafishe. Weka fikiria() kwenye uzi wa pembeni, ipe kikomo cha muda, ukatae kuona aibu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Kondele. Nilikuwa nimelipa zile dola 25 za akaunti ya Google Play, zinalipwa mara moja tu, nikakuta sharti: akaunti mpya ya mtu binafsi lazima ipate watu 12 wa kuijaribu apu kwa siku 14 mfululizo kabla haijafunguliwa kwa umma. Wengine wanahangaika kuwatafuta. Mimi nilienda chini ya mti. Fundi viatu, vijana wa boda, na jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mmoja ambaye sijawahi kumfunga maishani mwangu, si kwa vizibo, si kwa chochote.

Simu yake ilikuwa ya bei rahisi, kioo kimepasuka pembeni. Nikamwekea. Akaiweka gotini, akavaa miwani, akatazama muda mrefu. Halafu akaniinulia uso.

"Wuoda," yaani mwanangu, akasema, "mimi nacheza na nani?"

Ubao ulikuwa na kete nyeupe 12. Nyeusi hakuna hata moja.

Vijana wa boda walicheka mpaka mmoja akashika mti. Mimi nilikuwa nimeshajua. Ubao wa drafti una miraba 64 lakini kete zinakanyaga 32 tu, kwa hiyo kwa ujanja wangu wa chuoni nilikuwa nimezipanga zote kwenye nambari moja ya unsigned long, nambari kubwa isiyo na hasi: nyeupe biti 32 (vijisehemu vya sifuri au moja, nane kwa baiti) za chini, nyeusi biti 32 za juu. Kwenye laptopu yangu ya Linux long ni baiti 8, na kwenye simu yangu ya biti 64 pia. Simu ya jaduong' ilikuwa ya biti 32, long yake ni baiti 4. Nusu ya juu haikuwepo kabisa. Nilimnyima mpinzani wangu pa kusimama. Nilibadilisha kuwa uint64_t, ambayo ni biti 64 kwenye simu yoyote, usiku huohuo stima ikiwa imepotea, laptopu ikiwa na asilimia 19.

Mengine nitayapita. Faili zako hazitafunguka kwa fopen (amri ya C ya kufungua faili) ya jina tupu, mpe C njia kamili ya folda ya apu kutoka Kotlin. Tangu Novemba 2025, apu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu lazima yakubali kurasa za kumbukumbu (vipande ambavyo mfumo unagawia kumbukumbu) za KB 16, na NDK r28 inapanga hivyo yenyewe, kwa hiyo tumia hiyo au ya baadaye. Na majina, nimeshasema.

Dada wa Kakamega, usinitumie faili ya .c. Andika kwanza faili ya .h yenye milango unayotaka simu igonge, isizidi mitano, halafu nitumie hiyo. Kama ndani yake kuna neno scanf nitakurudishia.

Jaduong' bado anacheza, na bado analalamika. Wiki iliyopita aliniita akaniambia ile kitu inajibu haraka mno, haifikirii, inamdharau. Baada ya sekunde tano zile za ghorofani, nimekaa chini nikaandika kwa mkono wangu mstari wa kuifanya ingoje sekunde moja na nusu kabla haijasogeza kete. Sasa anasema inacheza kama mtu.