Barua kwa mwanangu: damu ya Babu na vidonge vya ginko

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Umeniuliza mambo mawili: daktari akisema damu haifiki sawasawa kwenye ubongo wa Babu, maana yake nini; na je, utume vile vidonge vya ginko, dawa ya majani ya mti, ulivyoviona huko Doha, vinavyosifiwa kuongeza damu kichwani. Vidonge usitume. Pesa zake zina kazi nyingine, nitakwambia.

Ubongo uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hupokea karibu sehemu moja katika tano ya damu inayotoka moyoni, na akiba hauweki. Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne mikubwa ya shingoni, kisha hugawika mpaka kufikia vijimishipa vyembamba kuliko unywele. Presha ya miaka mingi, pamoja na sukari, huvikakamaza vijimishipa hivyo na kuvibana. Unakumbuka maji ya mfereji yakiwa machache hapa Kibokoni: wa mwanzo kwenye laini anajaza mapipa, nyumba ya mwisho inaambulia matone. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu zilizo mwisho wa laini. Picha ya kichwa cha Babu ilionyesha madoa huko, na alama za viharusi vidogo viwili ambavyo hata mwenyewe hakuvihisi vilipompata.

Ndiyo maana Babu hasahau vile watu wanavyodhani. Meli alizokuwa akiziandika alipokuwa karani bandarini Kilindini anakutajia mojamoja, na mizigo yake. Lakini juzi alipokunywa kahawa yake pale barazani alitoa noti ya mia kumlipa muuza kahawa, kisha akabaki ameishika. Akaitazama noti, akalitazama dele, akavitazama vikombe. Bei anaijua. Kilichomponyoka ni hatua za kufuata: kwanza hiki, halafu kile. Yule kijana alingoja kimya, bila kumharakisha wala kumcheka, Mungu ambariki. Maradhi haya ya mishipa mara nyingi huwa hivyo, fikra huenda polepole na kupanga mambo humshinda mtu. Tena hushuka kwa vipindi: miezi ametulia, mara siku moja unaona kuna kitu kimeondoka. Daktari alisema wazee wengi huwa nayo pamoja na maradhi ya Alzheimer, yale ambayo mara nyingi huanza kwa kusahau, na kuyatenganisha si kazi rahisi.

Majirani wanasema ni uzee tu. Mimi sikubali. Ni kweli damu ya ubongoni hupungua kidogo kwa kila anayezeeka, lakini si kila mzee anashindwa na noti ya mia. Na kauli hiyo inaniudhi kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waache dawa za presha wakijiona wazima.

Hiyo ginko ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 kwenda juu. Wengine walipewa ginko, wengine kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yalitoka 2008: haikuwakinga na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Tena Babu anakunywa aspirini, na kuchanganya hivyo viwili kunaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu.

Kushusha presha ndiko kuna ushahidi wa kushika. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa 2019, ulihusisha watu zaidi ya 9,000. Waliolengwa kushushiwa ile namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 hawakupata kudhoofika kwa fikra kwa wingi kama wale waliolengwa chini ya 140. Kwa maradhi yenyewe ya kupotewa na kumbukumbu, tofauti haikuthibitika. Ila wenye sukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuchukuliwa kwenye utafiti huo, kwa hiyo namba ya Babu anaipanga daktari, si mimi wala wewe. Kuishusha kupita kiasi nako kuna hatari: akiinuka kwenye msala huyumba, kwa hivyo siku hizi hupimwa ameketi, kisha amesimama. Na funga ya Ramadhani tutaizungumza na daktari mapema, saa za dawa zipangwe upya.

Yaliyokwisha kuharibika hayarudi, sitakudanganya. Tunalinda yaliyobaki. Chumvi nimepunguza, achari analalamikia kila siku. Jioni ndugu yako humpeleka kutembea Mama Ngina, na masikio yatapimwa, maana asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na hilo pia huchangia akili kudhoofika. Ukimpigia simu usimhoji kama mtihani, "Leo siku gani, mimi nani?" Muulize habari za meli.

Nimewaambia wote nyumbani: mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, ni hospitali papo hapo, hata kama hali imerudi sawa baada ya dakika kumi.

Sasa zile pesa. Nunua mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono. Mkono wa Babu nitaupima kwa futi ya fundi nikutumie sentimita, kwa sababu kitambaa kisichomtosha kitatoa namba za uongo. Nawe presha ya ukoo huu unaijua. Ukishainunua jipime kwanza wewe, asubuhi kabla ya chai, unitumie namba zote mbili.

Mamako