Uwezo tunao, au uwezo tunayo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Morogoro. Kwenye mdahalo wa shule nilifunga hoja yangu kwa maneno ya Baba wa Taifa: "Nia tunayo, sababu tunayo, na uwezo tunayo." Upande wa pili wakaangua kicheko, wakasema nimemharibia Nyerere Kiswahili chake. Nimekosea wapi? Na kwa nini yeye hakusema tu "tuna nia, tuna sababu, tuna uwezo"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa la sarufi ni moja tu: ni uwezo tunao. Tunasema uwezo huu, uwezo wangu, uwezo umepungua. Neno hilo liko katika ngeli ya U, na kirejeshi chake ni -o. "Nia" na "sababu" ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo zikiwa katika umoja huchukua -yo. Sababu zikiwa nyingi utasema sababu tunazo, na hapo hakuna wa kukusahihisha. Naona kilichokuponza ni ulimi. Ukishatamka "tunayo" mara mbili, ya tatu huja yenyewe, na nimewasikia watu wazima wakiteleza palepale mbele ya vipaza sauti. Ukipata shaka, jaribu neno lako na "huu" au "hii". Kama huwezi kusema "uwezo hii", basi huwezi kusema "uwezo tunayo".

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

"Tuna uwezo" ni taarifa. Mtu anaweza kuitoa bila kuulizwa na bila kubishiwa. "Uwezo tunao" ni jibu. Mtoto akirudi kutoka jikoni na kuuliza kama unga na mafuta vipo, mama humwambia, "Unga tunao, mafuta ndiyo hatuna." Kitu kinachoulizwa kimetajwa kwanza, kisha kinafuata kile anayeuliza anachokisubiri: kipo au hakipo.

Sasa rudi Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa mto, na Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Watu walikuwa na maswali hata kama hawakuyatamka. Tutamweza? Kuna haja ya kuingia vitani? Serikali imekusudia kweli? Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Nia ya kumpiga tunayo. Kila sentensi inalichukua swali moja, inaliweka mbele ya msikilizaji, kisha inalifunga.

Zisome kwa sauti, utasikia na jambo jingine. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "tunao" na "tunayo" mkazo unaangukia "na", na hiyo "na" ndiyo inayobeba maana ya kuwa na kitu. Ukisema "tuna uwezo", sauti inapanda kwenye "uwezo", na ile "tuna" inapita haraka. Alivyosema yeye, sauti inatua kwenye kule kuwa nacho, mara tatu, na kila mara ndipo sentensi inapokoma. Hilo ndilo linalopotea ukisema "tuna nia, tuna sababu, tuna uwezo". Sarufi yake haina kasoro, lakini inasikika kama mtu anayesoma orodha ya vitu alivyobeba.

Kuna silabi nyingine ambayo wengi tunaiacha tunaponukuu, nami inanisikitisha ikiachwa. Ni ile -m- ya "kumpiga". Hakusema "kuwapiga", hakusema "kuipiga Uganda". Anayepigwa ni mtu mmoja. Kwa herufi moja wananchi wa Uganda wamewekwa nje ya ugomvi, na vita vilipoendelea hadi Kampala ilipotekwa Aprili 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wakipigana upande wetu. Ukikata "kumpiga" ili maneno yawe mafupi, umeikata na -m- hiyo.

Siwalaumu wanaoyafupisha wakiwa katika mazungumzo ya kawaida. Maneno hayo yamekuwa kama kibao cha chapati, kila mtu anasukumia unga wake. Kwenye vikao vya harusi utamsikia mtu akisimama na kusema, "Ndugu zangu, nia ninayo, uwezo ndio sina," na kila aliyepo anamwelewa. Huo ni muundo tu ulioazimwa, nao uko huru kwa yeyote. Lakini ukitanguliza "kama alivyosema Mwalimu Nyerere" na kuweka alama za kunukuu, hapo unamshuhudia mtu. Sauti yake imehifadhiwa. Isikilize, uandike alichosema, na mpangilio wake uuache ulivyo. Wengi siku hizi huanza na nia kama ulivyofanya wewe.

Tahadhari moja kabla ya mdahalo ujao. Usidhani kwamba kutanguliza nomino ni kusisitiza tu, daima kwa maana ileile. "Tunayo kazi" maana yake kuna kazi inayotungoja. "Kazi tunayo!" husemwa na mtu aliyeona mzigo mzito na kushika kichwa. Maneno ni yaleyale mawili, yamebadilishana nafasi tu.

Na hao waliokucheka, wape haya wayatafakari: mpango tunao, mipango tunayo, vijana tunao. "Tunao" ya kwanza na ya mwisho zinafanana kwa herufi zote, lakini hazitoki katika ngeli moja. Waambie wakueleze kila moja inatoka katika ngeli gani, nawe uwe umejiandaa kuwajibu wakishindwa.