Kabla hujachapisha diwani, muangalie kwanza Kezilahabi

Mwaka 2016 nilichapisha diwani, yaani kitabu cha mashairi, kwa hela yangu mwenyewe, nakala 300, mashairi 84, na mengi niliyaandika ndani ya mwaka mmoja maana nilikuwa naposti shairi kila asubuhi kabla hata sijanawa uso, watu wanalaiki, kichwa kikavimba. Mpaka leo maboksi mawili yako uvunguni na la tatu mama watoto kaliwekea redio juu.

Sasa Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania ambaye nilikuwa najisifu eti nimemsoma, ana diwani ngapi? Tatu. Kichomi 1974, Karibu Ndani 1988, Dhifa 2008. Piga hesabu, miaka 14 halafu miaka 20! Na siyo kwamba katikati alikuwa amelala, riwaya zilikuwa zinatoka, na jamaa alikuwa mwalimu, akaenda Marekani kuchukua PhD pale Wisconsin, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Botswana. Ugali wake haukutoka kwenye mashairi. Kwa hiyo wewe unayenitumia inbox kwamba unataka kuacha kazi uandike, usiache bwana.

Halafu kuna hili la vina. Kichomi ilipotoka wazee wa vina na mizani (hesabu ya silabi kwenye kila mstari) walikuja juu, kwao mashairi yasiyofuata hayo hayakuwa mashairi. Sisi vijana tukapata pa kujifichia, ukiambiwa shairi lako guni, yaani limekosea vina au mizani, unajibu "naandika masivina, mashairi yasiyo na vina, kama Kezilahabi". Uongo mtupu. Yule alikuwa amemchimba Shaaban Robert mpaka akamwandikia tasnifu ya M.A., aliachana na kitu anachokijua. Mimi mzee mmoja aliniomba mbele za watu nitunge ubeti mmoja tu wa tarbia, mistari minne, mizani nane kwa nane, nikatoka jasho. Nilirudi nyumbani nikakaa na tarbia miezi sita, nahesabu mizani kwa vidole hadi kwenye daladala, konda ananishangaa. Ndiyo mistari yangu huru ikaanza kusimama, kabla ya hapo ilikuwa sentensi za kawaida nimezikatakata tu.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote ni Ukerewe. Kezilahabi kazaliwa Namagondo mwaka 1944, kisiwani huko Ziwa Victoria, lugha ya nyumbani Kikerewe, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, kaianzia hukohuko kwao, binti wa Ukerewe na baba yake mkali mlevi, wala hakujifanya mtu wa pwani. (Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikarudi kinasomwa darasani, ndiyo nchi yetu.) Mimi Msukuma wa Sengerema nilikuwa naona aibu, nikawa naazima maneno ya Lamu ambayo hata matamshi yake siyajui, naimba bahari wakati nimekulia ziwani, mnazi wenyewe nimeuona nikiwa na miaka 19. Ubeti wa kwanza ambao siuonei haya ni wa mama akianika dagaa, anaangalia wingu, anawaanua, wingu linapita, anaanika tena. Basi, hakuna mapenzi wala mwezi humo ndani.

Na kama unataka kumsoma usifanye kosa langu la kuanza na riwaya yake ya Nagona kwa sababu ni kijitabu chembamba. Nilikishika nikiwa form five nikidhani nakimaliza jioni moja, nikakwama kurasa za mwanzo nikamuona mzee kachanganyikiwa, miaka tisa sikukigusa tena. Anza na Rosa Mistika, nenda Kichomi, Kichwamaji pia usiiruke, Nagona na Mzingile ziache mwisho, tena uzisome kwa sauti chumbani peke yako.

Diwani yangu ya pili bado. Nina mashairi 11 tangu 2019, na mawili kati ya hayo nadhani nitayatupa.