Jibu: 241,038 ina vigawo vingapi?

Habari ndugu. Umesema umegawanya 241,038 (ile namba inayotajwa kama kilomita za mraba za Uganda) kwa 2, kisha kwa 3, ukapata 40,173 ukaiita namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe). Vigawo (namba zinazoigawa 241,038 bila baki) vikatoka 8, rafiki yako anasisitiza ni 24.

Rafiki yako yuko sahihi. 3 uliiacha mapema. Jumlisha tarakimu za 40,173: 4+0+1+7+3 = 15, bado inagawanyika kwa 3. Unabaki na 13,391. Jumla yake ni 17, basi 3 imekwisha. 5 ruka, jaribu 7: inatoka 1,913 bila baki.

Je, 1,913 ni tasa? Huna haja ya kufika mbali. 43×43 ni 1,849 na 47×47 ni 2,209, kwa hiyo ukishajaribu namba tasa zote hadi 43, umemaliza. Angalia sana 29: kikokotoo kinachokadiria kitakuonyesha 66, kumbe 29×66 ni 1,914. Moja tu imezidi! Zidisha kurudi nyuma kila mara. Hakuna inayogawa, ni tasa.

Basi 241,038 = 2×3×3×7×1,913. Vipeo, yaani kila namba tasa imejirudia mara ngapi, ni 1, 2, 1, 1. Ongeza 1 kwa kila kimoja, uzidishe: 2×3×2×2 = 24. Humo 1 na namba yenyewe zimo. Kama swali lenu halizitaki, ni 22.