“Funga Chrome, futa kache, kisha funga tena”

SWALI: Nasimamia kompyuta katika ofisi ambayo wafanyakazi wengi si mafundi. Nilibandika tangazo ukutani: “Kivinjari kikisumbua, funga Chrome, futa kache na vidakuzi, kisha funga tena.” Mmoja aliiondoa Chrome yote akaja kuomba afungiwe upya, mwingine alifuta nywila zake zote, wa tatu alizima kompyuta. Kiswahili changu kina kosa gani? Na je, niandike kivinjari au brauza?

JIBU: Kisarufi tangazo lako halina kosa, ndugu msomaji. Shida iko kwenye vitenzi viwili, funga na futa. Kila kimoja kina maana zaidi ya moja, na wewe umevitwisha kazi yote.

Tuanze na funga. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, ofisi hufungwa jioni. Lakini fundi naye hufunga: hufunga mita ya umeme, dishi, feni, kamera za ulinzi. Hapo kufunga ni kuweka kifaa mahali pake kikafanya kazi, na maana hiyo imeingia kwenye kompyuta pia. Madukani Windows “hupigwa”, ila programu nyingine “hufungwa”. Sasa soma tena mwisho wa tangazo lako: “kisha funga tena”. Aliyeichukua funga kwa maana ya fundi aliona anaagizwa kuiweka Chrome upya, na huwezi kuweka upya kitu ambacho hujakiondoa. Alitii alichosoma. Hata anayejua kwamba unazungumzia dirisha atajiuliza: nimeshaifunga mwanzo, nitaifungaje tena kabla sijaifungua?

Ukitaka programu iwekwe, andika sakinisha, au weka kama wasomaji wako hawajalizoea hilo la kwanza. Ukitaka dirisha lifungwe, litaje: “funga madirisha yote ya Chrome”. Kitenzi hakijabadilika, kilichoondoa utata ni yambwa, yaani kile kinachofungwa. Na huyo wa tatu aliyezima kompyuta hakufanya ajabu, maana ofisini “funga” ya jioni ndiyo hiyo.

Futa ina hatari zaidi kwa sababu madhara yake hayarudi. Ukifuta ubao, maandishi yanaondoka na ubao unabaki. Leseni ikifutwa, haipo tena. Msomaji asiyejua kache ni nini atashika neno analolijua, yaani futa, na kwenye dirisha litakalomfungukia ataweka tiki kila kisanduku anachokiona. Kwa hiyo kitenzi hiki hakitoshi bila kutaja kinachofutwa na kinachoachwa.

Kache ni nakala za picha na faili za kurasa ambazo kivinjari kimejiwekea akiba ili kisizipakue kila mara. Zikifutwa, hasara ni ndogo: kurasa zitachelewa kidogo mara ya kwanza, basi. Vidakuzi ni habari fupi ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta ili imtambue mtumiaji akirudi. Vikifutwa vyote, mtu anatolewa kwenye barua pepe, mfumo wa mishahara na kila alikokuwa ameingia. Nywila zilizohifadhiwa ni jambo la tatu kabisa, na hapo ndipo mtu wako wa pili alipoumia. Kama Chrome imeunganishwa na akaunti yake ya Google na usawazishaji (kulinganisha data kati ya vifaa vyake) umewashwa, nywila zilizofutwa ofisini zimefutika na kwenye simu yake. Kuunganisha “kache na vidakuzi” kwa “na” moja, kana kwamba ni pacha, ndiko kulikofungua mlango. Anza na kache peke yake. Vidakuzi vya tovuti moja tu vinaweza kuondolewa kwa kubofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya ukurasa, bila kugusa vingine.

Kwa viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, usitumie futa hata kidogo. Zima na ondoa vinatosha, na tofauti yake kila anayejua swichi anaielewa. Kwenye chrome://extensions kila kiendelezi kina swichi: kizime, jaribu ukurasa, kiwashe, nenda kwa kinachofuata. Ukimpata mkorofi, ndipo umwondoe. Kama swichi haikubali kuguswa, huenda kimewekwa kwa sera ya ofisi, yaani mpangilio ambao msimamizi huulazimisha kwenye kompyuta. Angalia chrome://policy, au edge://policy kwa Edge, au about:policies kwa Firefox. Ukikuta sera ambazo ofisi yako haikuweka, huenda kompyuta hiyo ina programu hasidi, na kuchunguza hilo ni kazi yako, si ya mfanyakazi.

Upande wa pili wa mawasiliano hukuuliza, lakini ndio wenye faida kubwa kwako: malalamiko wanayokuletea. Kiswahili kina viambishi vinavyokufanyia nusu ya uchunguzi kabla hujainuka kitini. “Chrome haifunguki” na “Chrome haifungui” si kauli moja. Haifunguki: programu yenyewe haitokezi. Mara nyingi ipo tayari kwa siri, imekwama nyuma ya pazia. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tafuta Google Chrome kwenye orodha, isitishe, ijaribu tena. Isipokubali hata baada ya kuwasha kompyuta upya, shuku wasifu wa mtumiaji (mipangilio na data zake za Chrome) ulioharibika. Kwa kawaida wasifu huo umo kwenye folda iitwayo Default, ndani ya %LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data. Libadilishe jina folda hilo badala ya kulifuta, ili alamisho zake, yaani kurasa alizojiwekea alama, ziweze kuokolewa.

Haifungui: Chrome imetokeza, ila kurasa haziji. Hapo uliza swali moja tu: ni kurasa zote au mmoja? Zikiwa zote, tazama kebo, Wi-Fi na mipangilio ya proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano ya intaneti. Ukiwa mmoja, jaribu dirisha fiche, Ctrl+Shift+N. Dirisha hilo halitumii vidakuzi vya kawaida, na viendelezi huwa vimezimwa humo isipokuwa vilivyoruhusiwa. Ukurasa ukifunguka humo, mkosaji ni kache, kidakuzi au kiendelezi. Usipofunguka, tovuti yenyewe au njia ya kuifikia ina tatizo.

Kisha kuna “imejifunga” na “imefungwa”. Ya kwanza ina ji-: programu imeanguka yenyewe bila mkono wa mtu. Ya pili ni ya kutendwa: kuna aliyefunga, pengine wewe, kwa sera inayozuia tovuti fulani. Na “akaunti imefungiwa” ni habari nyingine tena, labda nywila ilikosewa mara nyingi. “Imeganda” maana yake haiitiki ukibofya. “Inazunguka” maana yake inaitika ila bado inasubiri. Anayekwambia “mtandao unasumbua” ndiye hajakwambia kitu, kwa sababu siku hizi mtandao ni intaneti, ni tovuti, ni kampuni ya simu, ni mfumo wa ofisi, vyote kwa pamoja. Muulize kwa upole anachokiona kwenye kioo.

Kuna lalamiko moja linalofika kila mara kwa jina hilo la mtandao wakati halihusiani nao. Kompyuta ya zamani inayozimwa kwenye soketi kila jioni inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Kila tovuti inakataa, na kwenye kioo kuna herufi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba mwaka bado ni 2015 huviona havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, na ikirudi nyuma tena kesho yake badilisha betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida CR2032. Kufuta kache hapa ni kupoteza muda. Mashine za Windows 7 nazo zina lao: toleo la mwisho la Chrome linalokubali humo ni 109, la mwaka 2023, kwa hiyo “sasisha Chrome” ni agizo lisilotekelezeka kwake.

Kuhusu kivinjari na brauza: andika kivinjari, sema upendavyo. Kuvinjari ni kuzungukazunguka huku ukichunguza, kama manowari inavyovinjari pwani, na neno limekaa vizuri kwenye kazi yake. Lakini tangazoni litaje jina la programu, kwa kuwa wengi huiita “Google” na hawajui kwamba Edge nayo ni kivinjari. Ukishachagua, shikilia upatanisho wa ngeli: “kivinjari kimekwama” au “Chrome imekwama”, si “kivinjari imekwama”. Vidakuzi usiviogope. Havina uhusiano na biskuti za Kiingereza. Mdakuzi ni mtu anayechunguza mambo ya watu akayatangaza, na kwa kifaa kinachowafuatilia watumiaji jina hilo lina haki yake. La kuacha ni “burudisha ukurasa”. Ukurasa hauhitaji taarabu. Sema “fungua ukurasa upya”, au taja tu F5.

Tangazo jipya liwe hivi:

“UKURASA UKIKATAA KUFUNGUKA KWENYE CHROME
1. Bonyeza F5 mara moja, usubiri.
2. Bado? Bonyeza Ctrl+Shift+N. Kwenye dirisha jeusi litakalotokea, fungua ukurasa uleule.
3. Ukifunguka humo, rudi kwenye dirisha la kawaida, bonyeza Ctrl+Shift+Delete. Acha tiki MOJA tu, ya picha na faili za kache. Ondoa tiki nyingine zote, hasa ya nywila. Chagua muda wote, kisha thibitisha.
4. Funga madirisha yote ya Chrome. Fungua Chrome tena.
5. Bado? USIIONDOE CHROME. Mwite msimamizi, umwambie: haifunguki, haifungui, au imejifunga.”

Nimetumia vibonye vya kibodi badala ya majina ya vitufe vya kwenye kioo kwa makusudi. Kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa Clear data kwenye matoleo ya zamani, mapya yanaandika Delete data, na aliyeweka Chrome kwa Kiswahili anaona maneno mengine kabisa. Ctrl+Shift+Delete inakubali kwenye Chrome, Edge na Firefox. Dirisha fiche peke yake ndilo la kuangalia: kwa Firefox ni Ctrl+Shift+P.