Kusaka Kopo Vilimani Ntyuka: Niliyojifunza Nikiwa na Watoto

Mita kumi za mwisho kabla ya kulifikia kopo ndizo mchezo wenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu wazazi wengi hukodolea simu macho hadi mwisho, wakati simu imeshamaliza kazi yake.

Mchezo unaitwa jiokashingi. Unaficha kopo, unaandika namba zake za GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali, wengine wanakwenda kulitafuta. Ulianza Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon na kutangaza ilipo. Nyumbani kwetu tunauita kusaka kopo tu, na tunaficha makopo yetu wenyewe kwenye vilima vya mawe upande wa Ntyuka, hapa Dodoma. Binti yangu ana miaka tisa, mdogo wake sita.

Simu ikiwa chini ya anga wazi hukosea kama mita tano hivi. Kando ya majabali makubwa hukosea zaidi, maana mawimbi hugonga mawe kabla ya kuifikia. Kwa hiyo tukikaribia, simu inaingia mfukoni. Nawaambia watoto: tafuteni kisicho cha hapa. Jiwe lililogeuzwa, upande wenye udongo ukiwa juu. Nyasi zilizolala kinyume na upepo. Mdogo ndiye hodari kuliko sote, kwani macho yake yako karibu na ardhi. Mzazi, ukiliona kopo kwanza, nyamaza. Kaa chini, unywe maji, usubiri, hata kama ni nusu saa.

Kwenye namba, angalia alama ya kutoa. Dodoma iko kusini mwa ikweta, kama -6.17, 35.74. Ukiisahau alama hiyo, simu itakuelekeza kusini-magharibi mwa Ethiopia. Andika tarakimu tano baada ya nukta. Ukikosea moja kwenye tarakimu ya nne, ni kama mita kumi na moja ardhini.

Kosa langu kubwa lilikuwa mahali pa kuficha. Kopo la kwanza nililisokomeza kwenye ufa wa jabali, nikaona nimepatia. Binti yangu akaingiza mkono, na kopo lilipotoka, nge alikuwa amening'inia chini yake. Hakumuuma, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikupata usingizi. Tangu siku hiyo naficha mahali ambapo kopo linaonekana bila kuingiza mkono popote: nyuma ya shina la mbuyu, juu ya jiwe lililozungukwa na vichaka vifupi. Kila mtoto ana fimbo, na fimbo hutangulia mkono. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwani miiba ya migunga hupenya kandambili bila shida. Tunakwenda kati ya Juni na Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na kuinama, na tunaanza saa moja asubuhi. Chukueni masweta, kwani upepo wa Julai huku si mchezo. Jua likishapanda, mawe hayakaliki.

Kopo liwe la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Ndani weka daftari dogo na penseli. Wino hukauka kwa joto letu. Chakula usiweke hata pipi, sisimizi watafika kabla yenu. Sisi huweka gololi, vifungo, vibanio vya nywele, na anayetoa kitu huacha chenye thamani ileile. Usichimbe shimo. Zungumza na mwenyekiti wa mtaa kwanza, uandike juu ya mfuniko kwamba ni mchezo wa watoto, na ukae mbali na ofisi za serikali na mitambo ya umeme. Huu ni mji mkuu, kopo lisilo na mwenyewe huleta hofu.

Kule Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, msifiche kitu kabisa. Baadhi ya maeneo yale wenyeji bado wanafanyia matambiko. Mchezo wenyewe una aina isiyo na kopo: namba zinakufikisha mahali, unajibu swali. Tulipokwenda na mwongoza wageni niliwauliza watoto, mnaona watu wangapi, na wanyama gani? Walibishana njia nzima ya kurudi Dodoma.

Kopo letu la tatu lilipotea. Nilikasirika, nikadhani limeibwa. Wiki iliyofuata tulikutana na vijana wachunga mbuzi, nikawasalimu na kuwaeleza. Mmoja akasema, "Mama, tulilihamisha, mbuzi walikuwa wanalipiga mateke." Akatupeleka hadi lilipo, chini ya mkwaju, likiwa na kila kitu ndani. Binti yangu akawapa penseli waandike majina yao. Sasa wao ndio wanaochagua mahali pa kuficha, nasi ndio tunaohangaika kutafuta.