Mguu wa babu yako

Mwanangu,

Jumapili uliniuliza kwenye simu kama ni kweli mtu hupasuliwa ubongo akiwa macho, anaongea na daktari. Ni kweli. Ubongo wenyewe hauna neva za maumivu. Kichwa kikiuma, kinachouma ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, misuli. Ngozi ya kichwa hutiwa ganzi, fuvu likafunguliwa, na mgonjwa akaongeleshwa ili daktari asije akagusa sehemu ya usemi.

Lakini ubongo huohuo usioumwa unaweza kukuumiza hata mahali pasipo na kitu. Hilo ndilo ninalotaka ulijue.

Ulikuwa darasa la pili babu yako alipokatwa mguu kwa kidonda cha kisukari. Usiku wa tatu baada ya kumrudisha Muheza aliniita: "Mwanangu, nikune kidole gumba. Cha kulia." Mguu wa kulia ulikuwa umeishia gotini. Nilikuwa nimechoka mno, nikamjibu, "Baba, mguu huo haupo." Akanitazama, akavuta shuka. Mwili hausemi uongo, nimekwambia tangu utotoni, na usiku ule mimi mwenyewe niliukatalia.

Daktari mmoja Mmarekani, Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliandika mwaka 1871 juu ya viungo hivyo vya mzuka. Ubongo una ramani ya mwili mzima; mguu ukiondoka, nafasi yake kwenye ramani inabaki. Miaka ya 1990 Ramachandran, mtafiti wa ubongo, akatumia kioo: aliyekatwa mkono akauona ule mzima kama ndio uliopotea, akaukunjua, na wengine wakapata nafuu.

Sasa mjomba wako. Alishikilia kwamba babu yako anaumwa kwa sababu mguu ulizikwa vidole vikiwa vimekunjamana. Akaufukua, akavinyoosha, mama mkubwa akigomba pale shimoni. Na babu yako akalala wiki nzima! Hakuona lolote, aliambiwa tu. Lakini kuambiwa na mwanao unayemwamini, si kama kuona? Hapana, pengine maumivu yalikuwa yanapungua yenyewe. Mjomba wako anataka nimkubalie. Sijamkubalia, wala sijamkatalia, ingawa ulimi unaniwasha. Mwili hausemi uongo, hapo sibadiliki.

Kukunwa, babu yako hakuniomba tena. Alisubiri mpaka adhani nimelala, kisha nikamsikia akikwaruza godoro kwa kucha, pale kidole kilipopaswa kuwa.

Mama